Darubini ya Dunguni

Mimi sikutaka kuandika. Hilo naliweka mbele ili lijulikane. Rispah, mwalimu wetu wa ngumbaru, ndiye aliyeniganda kama kupe. "Bibi Biasha, kila mwanafunzi ameshaandika maisha yake, umebaki wewe tu." Nikamwambia maisha yangu ni yangu, na kalamu yenyewe naishika kama mwiko. Akasema basi andika ya ile darubini. Ana jamaa zake wa Ukunda wanataka kununua darubini ya kutembea nayo porini na pwani, isiyokuwa ya bei kali, na kila mmoja ana lake: huyu anataka ya namba kubwa, ivute sana, yule anataka inayong'aa. Nikacheka. Mimi nilichagua darubini mama yake Rispah hajavunja ungo, na nilichagua vizuri. Haya, nitaandika. Lakini nitaandika nipendavyo, na asiyependa mwandiko wangu na afumbe macho.

Kwetu ni bonde la mpunga, nyuma ya Msambweni, upande wa kuelekea Ramisi. Bonde lile ni la wanawake. Wanaume wana minazi yao na mikorosho kule juu mchangani. Chini kwenye tope ni kwetu sisi, na kila kipande kina mama yake. Mpunga ukianza kutia maziwa, ndege huja makundi kwa makundi, na hapo ndipo mtu apandapo dunguni kuamia. Dungu ni kitanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo nne, kipaa chake makuti. Kamba zinatoka pale kwenda pembe zote za bonde, zimefungwa makopo na vipande vya mabati. Ndege wakishuka upande fulani unavuta kamba ya upande ule, makopo yanalia, ndege wanaruka. Mtu mmoja huamia bonde zima, na siku ya mavuno kila mama humpimia pishi zake.

Mwamiaji nilikuwa mimi. Nilipoachika sikurudi kwa kaka yangu kula chakula cha kutazamwa mkononi, nilipanda dunguni. Kabla yangu alikaa mama mkubwa wangu, Kadzo, dada yake mama, misimu ishirini. Alipochoka magoti akanipa mimi kamba, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Wewe usiyekaa dunguni hujui asubuhi. Ukungu unalala juu ya maji kama mtu asiyetaka kuamshwa. Mpunga unanuka utamu, harufu ya maziwa ambayo bado hayajapata ng'ombe. Unakaa pale juu, miguu inaning'inia, hujui kama umeamka au bado, na dunia yote iko chini yako imefunikwa shuka. Kisha jua linalikunja lile shuka pole pole, na unaona mashina, na maji, na kivuli chako mwenyewe kimelala juu ya mpunga mrefu kama njia.

Sasa niseme siri yangu. Nilipofika kama miaka thelathini, lile shuka likawa halikunjuki. Jua linapanda, linafika utosini, na mbali bado ni maziwa matupu. Karibu naona: sindano naitunga uzi mara moja. Lakini minazi ya ng'ambo ilikuwa moshi wa kijani, na mtu akipita kwenye tuta la mbali alikuwa kama tone la wino kwenye maji, linatanda, linapotea. Niliamia kwa sikio. Kundi likishuka juu ya mpunga hufanya sauti kama leso inayokung'utwa, mara moja tu, fwaa, nami najua ni pembe gani. Kwa sikio lile nilikaa misimu sita na watu hawakupoteza suke.

Sikumwambia mtu. Mwamiaji asiyeona ni nani? Wangeniteremsha siku ile ile, nami nikarudi kupalilia vipande vya wengine na kungoja kuitwa kula. Watu wakanipungia mkono kutoka ng'ambo, sikujibu, kwa kuwa sikuwaona. Wakasema Biasha ana kiburi. Amepanda dungu, amesahau salamu. Na kwetu asiyerudisha salamu huambiwa hana wazee. Niliwaacha waseme. Mwenye kiburi huachiwa dungu, kipofu haachiwi.

Msimu uliotangulia Uhuru, upepo wa kusi ulivuma siku tatu bila kupumzika, ukayazima masikio yangu. Ndege wakashuka kwenye pembe ya Shutu, mke wa kaka yangu, wakala nusu ya kipande. Shutu alikuja chini ya dungu, mikono kiunoni.

"Wifi, ulikuwa umelala?"

"Upepo ulikuwa mkali."

"Upepo unaziba masikio. Macho nayo unayaziba?"

Nikageuka kuvuta kamba. Lakini Shutu si mtu wa kutojibiwa. Msimu uliofuata, bendera mpya imeshapandishwa na watu bado wanaiangalia kama mtoto wa jana, akasimama mbele ya kina mama wote akataka nijaribiwe jicho. Huo ulikuwa mtindo wa bonde letu kwa mwamiaji mpya: mtu anakwenda kusimama kwenye mkindu wa ng'ambo, anainua kitu, ungo au kata au mwiko, na aliye dunguni anataja ni nini. Mimi sikuwahi kujaribiwa. Nilirithishwa.

Uso niliuweka palepale. Nikasema, "Mwaka huu ndege ni wengi kuliko macho ya mtu yeyote. Nimesikia kuna Mzungu wa Diani anahama, vitu vyake viko dukani kwa Abdurahman, Ukunda. Ipo na darubini. Watu wanachangia shule, wanachangia zahanati. Sisi tuchangie darubini ya bonde, kisha nijaribiwe nayo, na yeyote atakayenifuata ajaribiwe nayo hiyo hiyo."

"Darubini si ndiyo ile inayovuta vitu karibu?" Shutu akauliza. "Basi itawavuta na ndege!"

Mama mkubwa Kadzo, aliyekuwa amekaa akitafuna tambuu, akatema pembeni. "Ukiona wamekaribia sana, igeuze nyuma mbele. Utawapeleka mpaka Tanga."

Kina mama wakacheka, na walipocheka wakakubali. Nilipewa pesa katika pindo la leso, na Shutu akapewa kazi ya kunichunga.

Abdurahman alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyenunua nyumba nzima ya yule Mzungu isipokuwa kuta. Ukumbini mwake kulikuwa na beseni la kuogea lenye miguu ya simba, kofia kumi na nne, na kioo kikubwa ambacho Shutu alisimama mbele yake kwanza kabla ya kutoa salamu.

"Shikamoo, mzee Abdurahman," nikasema mimi.

"Marahaba. Karibuni, mama zangu. Beseni?"

"Darubini."

Akatutazama, akaona hatutanii, akaweka nne juu ya jamvi.

Sasa nyinyi jamaa zake Rispah, sikilizeni hapa. Ya kwanza ilikuwa kubwa, mfano wa chupa mbili zilizofungwa pamoja. Shutu akaidaka, akatazama nje. "Lo! Kunguru juu ya bati, namwona mpaka ulimi! Wifi, tuchukue hii, ni kubwa na ina nguvu." Nikaichukua, nikaiinua machoni, nikaanza kusoma Alhamdu kimoyomoyo. Sikufika mara ya tatu, mikono ilikuwa inatetemeka na kila kilichokuwa mle ndani kinatetemeka mara kumi. Ikivuta sana, inavuta na mtetemeko wako. Na shingo je? Mimi nakaa dunguni tangu alfajiri mpaka magharibi. Nikaiweka chini.

Ya pili ilikuwa ndogo, ya dhahabu, nzuri kama kipini. Abdurahman alisema mabibi wa Kizungu huenda nayo kutazama michezo. Nikageukia pembe ya giza ya duka, chini ya kitanda kilichokuwa pale, nikatazama humo. Sikuona ila giza jingine. Ndege huja alfajiri, taa ya Mungu bado iko chini. Darubini isiyoona kwenye mwanga haba ni pambo tu. Nikaiweka chini.

Ya tatu ilikuwa ya shaba, ya baharini. Nikaitikisa karibu na sikio: kitu kinacheza ndani. Nikaigeuza kwenye jua nikachungulia kioo chake: kuvu imejitandaza mle kama utando wa buibui, chumvi imeshaingia. Hiyo hata bure sikuitaka.

Ya nne ilikuwa imebanduka ngozi upande mmoja, kama mbwa mwenye upele. Shutu hakuigusa. "Hiyo hapana, wifi. Watatucheka." Akarudi kwenye kioo chake.

Mimi niliiinua. Nyepesi. Haichezi ndani. Vioo vyake safi, ukivitazama kwa kuinama vinakupa rangi ya zambarau kama shingo ya njiwa. Katikati ina gurudumu dogo la kuzungusha, na gurudumu lile lilikwenda laini, bila kukwama, bila kulegea. Niliitia machoni, nikaona maziwa. Maziwa yale yale yangu. Nikazungusha, maziwa yakazidi. Nikazungusha upande wa pili, kidogo, kidogo tena.

Dunia ikajichora.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mwanamke anakaanga mahamri. Nilimwona mkono, nikauona unga kwenye kucha. Alikuwa anazungumza na mtu na midomo yake ilikwenda bila sauti, kama watu wanavyozungumza katika ndoto na wewe unaelewa. Mvuke ulipanda, ukajikunja, nikauona kila mkunjo. Nyuma yake kulikuwa na mnazi. Miaka mingapi sikuwa nimeona mnazi? Kumbe majani yake bado yana ncha. Kumbe kila jani linatikisika peke yake, halingoji mwenzake. Nilikuwa nimezoea kuwa upepo ni sauti. Nikawa nimesahau kuwa unaonekana. Sijui nilisimama pale muda gani. Nilihisi kama ninaogelea ndani ya kitu cha kioo, mahali ambapo hakuna mbali.

Abdurahman akainama karibu yangu, akasema chini kwa chini, "Gurudumu lile, mama, kila mtu na pahali pake. Hapo ulipoliweka, mimi sitaona kitu."

Nikamtazama. Alikuwa ameelewa. Hakusema zaidi, Mungu amlaze pema. Bei akanipa nusu ya ile kubwa, kwa sababu ya ule upele.

Tulirudi. Kina mama walikuwa wakingoja chini ya dungu kama watu wanaongojea bibi arusi. Shutu akanipokonya wa kwanza. Akatazama, akatoa, akafuta kwa leso, akatazama tena.

"Ukungu!" akapiga kelele. "Nilisema tuchukue ile kubwa. Wifi ametununulia ukungu!"

Akapokea mwingine, akatazama, akasema ukungu. Na mwingine. Ilizunguka mikono kumi na mmoja, na kila mmoja akasema hilo hilo, na kila mmoja alinitazama kwa namna ya kuniuliza. Mimi nilijua dawa yake. Ilikuwa kuzungusha lile gurudumu, basi. Lakini wangezungusha, wangeona vizuri, kisha wangeuliza: mbona Biasha aliona vizuri mahali ambapo sisi sote tuliona maziwa? Na wao si wajinga. Nikisema, nimeteremka dunguni. Nisiposema, darubini inarudi Ukunda na mimi najaribiwa kwa macho matupu. Nateremka vile vile.

Ndipo mama mkubwa akanyoosha mkono. "Leteni na mimi niuone huo ukungu."

Akaitia machoni. Tambuu likasimama mdomoni. Kisha, kwa sauti kama ya mtu anayeota, akasema, "Ule ni mnara wa kiwanda cha Ramisi. Unatoa moshi. Kuna ndege mweupe amekaa... ndege mmoja, kwenye tuta la Mwanasha, amesimama mguu mmoja." Akaikaza machoni. "Huwa wanasimama mguu mmoja?"

Misimu ishirini dunguni, na anauliza kama ndege mweupe husimama mguu mmoja! Akaishusha, akanitazama mimi peke yangu, na pale pale nilijua, naye akajua. Macho yetu ni ya chungu kimoja. Naye alikuwa ameamia kwa sikio.

Kina mama wakauliza, "Mbona sisi hatuoni?"

Mama mkubwa akatafuna kidogo. Alikuwa mtu wa kukata neno bila kisu. "Kitu hiki kina wenyewe," akasema. "Kinamfungukia aliyekaa dunguni, mtu ambaye moyo wake hauna hila. Wengine kitawafungukia Mungu akipenda."

Uongo mtupu. Nami nikausimamia. Nilipanda, mtu akaenda kwenye mkindu wa ng'ambo, akainua kifuu, nikasema kifuu. Akainua kiatu, nikasema kiatu, tena cha kushoto. Wakapiga vigelegele. Shutu hakupiga. Alikaa chini, akitazama viganja vyake.

Msimu ule ulikuwa wa ajabu kwangu. Sikio lilisema pembe gani, jicho likaenda likahakikisha. Adhuhuri, ndege wakilala, nilitazama mahali pasipokuwa na kazi: ukingo wa bahari, mstari mwembamba kama uzi wa shanga, na juu yake mawingu yanapita na mizigo yao. Niliona watu wakitembea juu ya tuta la mbali na nikawapungia mimi wa kwanza, wao wakashangaa. Lakini nikishuka nilimkuta Shutu amebadilika. Hanichokozi. Hasemi. Ukimpita anainamisha kichwa. Nami nikamwacha, nikajiambia ndiyo vizuri, amekoma.

Mpunga ukiwa umebakiza kama siku kumi kukomaa, homa ikaniangusha. Shutu ndiye aliyepanda. Kwa macho yake mawili yasiyo na kasoro angeweza kuamia bila darubini yoyote, lakini aliichukua, akaitazamia, akaona ukungu, akaendelea kujaribu kutwa nzima. Kwa kujaribu kule hakutazama mpunga. Ndege wakala.

Jioni akaja nyumbani kwangu. Nilikuwa nimelala mkekani, nimejifunika leso mbili. Akakaa miguuni pangu, si kichwani, miguuni, akashika kifundo cha mguu wangu.

"Wifi, niwie radhi."

"Ya nini? Ya ndege?"

"Ya yote. Nimekusema sana. Nimesema una kiburi, nimesema ulilala, nimesema kaka yako angekuoza kwa mzee yeyote uondoke. Nimekwenda nyumba zote za bonde kuomba radhi, nimebakiza wewe. Moyo wangu una hila, wifi. Kile kitu kinanikataa. Nilikaa mle ndani ya ukungu kutwa, nikasema, labda hivi ndivyo Mungu anavyoniona mimi."

Nyinyi mnajua radhi ni nini kwetu. Mtu akikuomba radhi humwachi mkono hewani. Unasema nimekusamehe na wewe nisamehe, yanakwisha. Maneno yalikuwa mdomoni mwangu. Lakini ningesamehe nini? Aliyekuwa na hila katika chumba kile alikuwa mimi. Shutu alikuwa amezunguka nyumba kumi na moja kwa miguu yake kwa ajili ya gurudumu dogo kuliko kifungo cha kanzu.

Niliinuka. Homa ilizungusha kuta. Jua bado lilikuwa halijatua, likiingia mlangoni jekundu. Nikamwambia, "Ilete." Akaileta. "Tazama ule mwembe wa kwa Mramba." Akatazama. "Ukungu," akasema, karibu kulia. Nikaweka kidole chake juu ya gurudumu. "Zungusha. Pole pole. Upande huo."

Nilimsikia anavuta pumzi.

"Wifi. Kuna... kuna chungu wa maji moto wanapanda gome. Nawaona miguu!"

"Moyo wako hauna neno," nikasema. "Ni macho yangu mimi. Mimi sioni mbali, Shutu. Tangu nina miaka thelathini sioni mbali. Ile darubini niliiweka kwa macho mabovu, ndiyo maana nyinyi wenye mazima mliona maziwa. Mama mkubwa alisema uongo kunistiri, nami nikaula uongo kama wali."

Akaishusha. Akanikodolea. Nilingoja matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea.

"Basi siku ile ya arusi ya kina Kache," akasema taratibu, "nilipokupungia mkono kwenye njia panda mpaka bega likaniuma, ukapita kama malkia..."

"Sikukuona."

"Na nilipokuita na sinia la biriani?"

"Sikuona sinia."

"Biasha! Miaka saba nimekuchukia kwa kiburi, kumbe ni macho!" Akaanza kucheka, akalia, akacheka tena, akanipiga begani na homa yangu. "Yaani mimi nimekusengenya bure! Hata nilichokusengenyea hukuwa nacho!"

"Kiburi ninacho," nikamwambia. "Usinipunguzie." Na kweli, ningekuwa sina, si ningesema tangu zamani?

Shutu hakuwa na kifua cha kuweka siri, na sikumwomba aweke. Asubuhi kina mama wote walikuwa chini ya dungu, na nilisema mwenyewe, nimesimama, leso kichwani, meno yanagongana kwa homa: sioni mbali. Neno dogo lile. Nilikuwa nimelibeba miaka saba kama mtungi, na nilipolitua shingo haikujua la kufanya. Mama mkubwa naye akasema lake, kwamba misimu ishirini hakumwona ndege mmoja. Wapo waliocheka, wapo waliokasirika, mmoja akadai pishi zake za misimu yote. Mwisho wakakata shauri: dungu ni la mwenye macho. Shutu apande, na darubini yake. Mimi nikaenda nyumbani kwa fimbo, wala sikugeuka nyuma.

Siku ya kwanza ya Shutu makopo yalilia. Siku ya pili yakanyamaza. Nilikuwa nimelala mkekani, nikasikia fwaa, leso ikikung'utwa upande wa mashariki, nikangoja makopo. Kimya. Fwaa nyingine. Kimya. Nilitoka na homa yangu, nikateremka bondeni kwa sauti tu, nikapanda ngazi ya dungu, na huko juu nikamkuta wifi yangu ameganda, darubini machoni, mdomo wazi.

"Shutu! Ndege!"

"Namwona," akasema kwa sauti ya ndotoni. "Mmoja. Mwekundu. Anajichana manyoya, wifi, anayapanga moja moja kama anakwenda arusini. Sikujua wana kope. Nani alijua kama ndege ana kope?"

Nikaivuta kamba ya mashariki mimi. Bonde zima likaruka.

Hakukuwa na mkutano baada ya hapo. Mpunga wenyewe ulisema: pembe ya mashariki ilikuwa ya mama aliyedai pishi, naye alikuja akatazama makapi yake, akatazama dungu, akaniambia, "Haya kaa, kaa na masikio yako." Nikakaa. Misimu kumi na minne zaidi. Mchana ndege wakilala Shutu alipanda na chai, akazungusha gurudumu upande wake, akatazama, kisha mimi nikazungusha upande wangu. Tuligombana kila siku kwa lile gurudumu. Alikuwa akiniambia kilichoko mbali kabla sijakifikia, kwa kusudi, ili kuniudhi. Alipokufa niliiacha darubini wiki tatu mahali alipoliweka gurudumu, nikawa natazama ule ukungu wake.

Basi. Jamaa za Rispah wameshajua: nyepesi, vioo safi, isitikisike ndani, isione giza gizani, gurudumu laini, ngozi na namba waachie wenye maduka. Mimi nimeandika mpaka kidole kimekufa ganzi, na sikuandika ili ukunje karatasi utie mfukoni. Inuka hapo ulipo. Toka nje, na darubini ukiwa nayo, na macho yako matupu usipokuwa nayo, tazama kitu cha mbali kabisa unachoweza kukifikia, kitazame mpaka kikukubali. Kisha niandikie ni nini, kinafanya nini, kina kope au hakina. Mpe Rispah barua. Na uandike kwa herufi kubwa, maana nitaisoma mwenyewe.